Picha za Kale katika Skrini Mpya: Historia ya Michezo ya Visa ya Kompyuta na Suala la Kuihifadhi

0. Utangulizi

Fani yoyote inayotegemea chombo maalum huwa hatarini siku chombo hicho kinapotoweka. Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hauna budi kumpata msomaji wa hati hizo. Santuri haina budi kuipata sindano yake. Filamu ya utepe haina budi kuipata mashine ya kuionyesha. Michezo ya kompyuta, ambayo ni miongoni mwa fani changa kabisa za usimulizi, imekumbwa na hatari hiyo mapema kuliko nyingine. Kazi nyingi zilizouzwa madukani karibu na mwaka 1990 zilifunguka kwa shida, au hazikufunguka kabisa, katika kompyuta za miaka 15 baadaye. Na pale zilipofunguka, hazikuonekana kama walivyoziona wachezaji wa kwanza.

Makala hii inachunguza tawi moja la michezo hiyo, nalo ni lile la michezo ya visa: michezo ambayo ndani yake mchezaji humwongoza mhusika katika safari, akizungumza na watu, akiokota vitu na kufumbua mafumbo hadi kisa kifikie mwisho wake. Tawi hilo limechaguliwa kwa sababu liko karibu na fasihi kuliko matawi mengine, na kwa sababu historia ya kuokolewa kwake inajulikana vizuri. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: mchezo wa zamani unapoonyeshwa katika skrini ya leo, ni kitu gani hasa kinachopaswa kuhifadhiwa? Je, ni nukta zilizoandikwa katika disketi, au ni picha iliyofika machoni pa mchezaji? Swali hilo si la mafundi peke yao. Kwa asili yake, ni lile lile linalomkabili kila mhariri wa maandishi ya kale.

1. Asili: kutoka neno hadi picha

Mwanzo wa tawi hili haukuwa na picha yoyote. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa pia mpenzi wa kuingia mapangoni, alitunga katikati ya miaka ya 1970 mchezo uliojengwa kwa maneno matupu, akitumia kompyuta kubwa ya aina ya PDP-10. Mandhari ya mchezo huo yalitokana na pango halisi, sehemu ya mtandao wa Mammoth Cave katika jimbo la Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliupanua kwa kuongeza hazina, viumbe na mafumbo. Mchezo huo, Colossal Cave Adventure, ulimweleza mchezaji mahali alipo, naye akajibu kwa maneno mawili matatu ya amri. Picha yote ilikuwa kichwani mwa msomaji, kama ilivyo katika ngano.

Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken Williams walitoa Mystery House kwa kompyuta ya Apple II. Hapo maandishi yaliongezewa michoro ya mistari myeupe, sahili kama ya mtoto, lakini iliyotosha kuonyesha chumba, mlango na maiti. Kampuni yao, iliyojulikana baadaye kwa jina la Sierra On-Line, ilipiga hatua kubwa zaidi mwaka 1984 kwa mchezo wa King's Quest, ulioandaliwa kwanza kwa kompyuta ya IBM PCjr. Ndani yake mhusika Graham alitembea kwa miguu yake mwenyewe katika ufalme wa Daventry, akapita nyuma ya mti na mbele ya jiwe. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule lilimfanya mchezaji aache kutazama picha na aanze kukaa ndani yake.

Picha za King's Quest hazikuhifadhiwa kama picha. Disketi ilikuwa na nafasi ndogo mno, kwa hiyo kila mandhari iliandikwa kama mfululizo wa maagizo: chora mstari kutoka hapa hadi pale, kisha jaza eneo hili kwa rangi fulani. Kompyuta ilipoyasoma maagizo hayo, iliichora picha upya kila mara katika uwanja wenye nukta 160 kwa upana na 200 kwa kimo. Kila nukta ilikuwa pana kuliko ilivyokuwa ndefu, na ndiyo maana nyuso za watu wa Daventry hazina macho wala midomo inayotambulika.

2. Rangi 16 na rangi 256

Kazi ya mchoraji wa miaka hiyo ilitawaliwa na hesabu. Kadi ya picha ya EGA, iliyotolewa na IBM mwaka 1984, iliruhusu rangi 16 kwa wakati mmoja. Na katika uwanja wa nukta 320 kwa 200 uliopendwa na watunzi wa michezo, hizo 16 zilikuwa zimekwisha kupangwa na mashine, si kuchaguliwa na mchoraji. Hakukuwa na rangi ya ngozi ya binadamu, wala rangi ya machweo. Kadi ya VGA ya mwaka 1987 ilileta rangi 256 kwa wakati mmoja, zilizochaguliwa kutoka katika ghala la rangi 262,144; lakini uwanja wenyewe ulibaki ule ule wa 320 kwa 200, yaani nukta 64,000 tu kwa ulimwengu mzima wa kisa.

Ufukara huo ulizaa ustadi. Mchoraji aliyetaka rangi asiyokuwa nayo alizipanga nukta za rangi mbili kwa kupishanisha, mfano wa ubao wa dama, ili jicho lizichanganye lenyewe na kuona rangi ya tatu. Mark Ferrari aliitumia mbinu hiyo kwa ufundi mkubwa katika mchezo wa Loom, uliobuniwa na Brian Moriarty na kutolewa na Lucasfilm Games mwaka 1990. Anga za usiku za mchezo huo zinaonekana kana kwamba zina rangi nyingi za buluu, ilhali mashine ilikuwa na mbili au tatu tu. Mbinu hiyo ilikuwa na gharama yake, kwani picha yenye nukta zilizopishana ni ngumu kubanwa, na hivyo hula nafasi ya disketi.

Kampuni hiyo hiyo ya Lucasfilm Games ilikuwa imebadilisha pia namna ya kuamuru. Katika Maniac Mansion ya mwaka 1987, Ron Gilbert na Gary Winnick waliacha desturi ya kumwandikisha mchezaji maneno. Badala yake waliyapanga matendo kwenye sehemu ya chini ya skrini, mchezaji akachagua. Ili kuutunga mchezo huo walitengeneza lugha maalum ya kuandikia maagizo, iliyopewa jina la SCUMM. Lugha hiyo iliendelea kutumika katika michezo yao kwa takriban miaka 10, na itaonekana hapa chini jinsi jambo hilo la kiufundi lilivyokuja kuwa sababu ya kuokoka kwa michezo hiyo.

3. Skrini ya mrija na skrini bapa

Mchezaji wa mwaka 1990 alikaa mbele ya skrini ya mrija wa kioo, mara nyingi ya inchi 14, ambayo upana wake ulikuwa sehemu 4 kwa kimo cha sehemu 3. Mwali wa elektroni ulichora picha mstari kwa mstari, na nuru ya nukta moja ilimwagikia kidogo nukta jirani. Mipaka ikalainika. Nukta zilizopishanishwa na mchoraji zilikaribia kuungana. Katika televisheni za kawaida na skrini za bei nafuu, mchanganyiko huo ulikuwa mkubwa zaidi. Hata baadhi ya michezo ya Sierra ilitumia makusudi kasoro ya ishara za televisheni ili kuonyesha rangi ambazo kadi ya zamani ya CGA haikuweza kuzitoa kwa njia nyingine.

Jambo la pili ni umbo la nukta. Uwanja wa 320 kwa 200 una uwiano wa 8 kwa 5, lakini skrini ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na picha ilitandazwa kuijaza yote. Matokeo yake ni kwamba nukta hazikuwa mraba: kila moja ilikuwa na kimo kikubwa kuliko upana wake, kwa kadiri ya 6 kwa 5. Wachoraji wengi walichora wakiyatazama matokeo katika skrini za namna hiyo hiyo. Duara waliloliona wao, likihesabiwa kwa nukta, ni yai lililolala. Na likionyeshwa katika skrini bapa ya leo, yenye nukta za mraba, linaonekana kuwa yai kweli. Mwezi unabonyea, na watu wanafupika.

Hesabu kidogo itaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Skrini ya kawaida ya leo ina nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600, yaani zaidi ya mara 32 ya zile 64,000. Mtu akiitandaza picha ya kale hadi ienee kote, kila umbo litanenepa kwa theluthi moja, kwa kuwa skrini ya leo ni pana kuliko ile ya 4 kwa 3. Akitunza uwiano wa asili, picha itachukua nukta 1440 kwa 1080, na pembeni zitabaki nguzo mbili nyeusi, kila moja ya nukta 240. Hapo litatokea tatizo jingine: 1440 ikigawanywa kwa 320 hupatikana 4.5, na 1080 ikigawanywa kwa 200 hupatikana 5.4. Nukta moja ya kale haiwezi kuchorwa kwa nukta nne na nusu. Kwa hiyo baadhi ya safu zitakuwa nene na nyingine nyembamba, na mhusika anapotembea, uso wake utaonekana kutikisika. La sivyo picha itapakwa ukungu ili kuficha tofauti hiyo.

Njia iliyo sahihi kabisa ni kuifanya kila nukta ya kale kuwa mstatili wa nukta 5 kwa 6, na hapo picha nzima hufikia 1600 kwa 1200. Lakini kimo hicho kimeizidi skrini ya 1080. Katika skrini kubwa za 3840 kwa 2160 kinaingia bila shida, ila picha itakuwa imeshika chini ya robo ya eneo lote, mfano wa stempu katikati ya bahasha. Katika skrini hizo mtu aweza pia kuikuza picha hadi 2880 kwa 2160: upana huongezeka mara 9 kamili, na kimo mara 10.8, safu za nukta 10 zitachanganyika na safu za nukta 11, tofauti ambayo jicho halitaiona kwa urahisi. Hivyo basi, kinyume cha inavyodhaniwa na wengi, kadiri skrini mpya inavyokuwa na nukta nyingi zaidi, ndivyo inavyoweza kuwa mwaminifu zaidi kwa picha ya kale.

4. Waokoaji wa kwanza

Uokoaji wenyewe haukuanzishwa na kampuni zilizomiliki michezo. Mwaka 2001 mtaalamu wa Sweden, Ludvig Strigeus, akishirikiana na Vincent Hamm, alianza kuandika programu iliyoitwa ScummVM. Wazo lao lilikuwa la busara. Kwa kuwa michezo ya Lucasfilm Games iliandikwa kwa lugha ya SCUMM, si lazima kuifufua kompyuta ya zamani nzima. Yatosha kumtafuta mkalimani mpya wa lugha hiyo. ScummVM huyaacha mafaili ya mchezo kama yalivyo, ikayasoma maagizo yake na kuyatimiza katika mashine ya leo. Mwenye disketi zake za kale aliweza tena kuufungua mchezo wake, na hakuna herufi moja ya kazi iliyobadilishwa.

Njia ya pili ni ile ya DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Programu hiyo haisomi lugha ya mchezo. Yenyewe huiga kompyuta ya zamani pamoja na kadi zake za picha na za sauti, na mchezo ukadhani uko nyumbani kwake. Faida yake moja ni mwendo. Michezo kadhaa ya zamani ilipima wakati kwa kasi ya kompyuta yenyewe, hata katika mashine mpya mhusika akakimbia kama mshale na mafumbo yenye kuhitaji muda yakawa hayafumbuliki. Mashine ya kuigiza yaweza kupunguzwa kasi hadi mwendo unaofaa.

Kazi hii ilifanywa zaidi na watu wa kujitolea, na polepole iliwavuta wenye mali. Mwaka 2003 kampuni ya Uingereza ya Revolution Software iliruhusu mchezo wake wa mwaka 1994, Beneath a Steel Sky, ugawiwe bure kwa watumiaji wa ScummVM. Mwaka 2008 duka la GOG la Poland lilianza kuuza michezo ya zamani iliyofungashwa pamoja na programu hizo hizo za wazi. Hivyo kilichoanza kama juhudi za wapenzi kikawa msingi wa biashara halali.

Hata hivyo, mkalimani naye huchagua maneno. Katika michezo ya Sierra yenye rangi 16, ScummVM humpa mchezaji uwezo wa kuziondoa nukta zilizopishana na kuweka mahali pake rangi moja iliyochanganywa kikamilifu. Mwenye kuitetea hatua hiyo atasema kuwa ndiyo rangi aliyoikusudia mchoraji, na kwamba upishanishaji ulikuwa mkongojo tu. Mwenye kuipinga atajibu kuwa mchoraji alijua vyema kuwa nukta zake zitaonekana kwa kiasi fulani, akazipanga ili ziwe mchanga, manyoya au ukungu. Ukiziondoa, umeuondoa pia mchanga. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wanatafuta uaminifu.

5. Kuchora upya: faida na hasara

Wenye hakimiliki walipogundua kuwa michezo hiyo ingali na soko, walipendelea kuichora upya. Mfano ulio maarufu ni The Secret of Monkey Island, uliotungwa na Ron Gilbert, Tim Schafer na Dave Grossman mwaka 1990, na kutolewa upya mwaka 2009 ukiwa na picha mpya kabisa na sauti za waigizaji. Watengenezaji wa toleo hilo walifanya jambo la kupongezwa: mchezaji aliweza, kwa kubonyeza mara moja, kurudi kwenye picha za zamani akiwa mahali pale pale pa kisa. Kwa namna hiyo matoleo mawili yaliwekwa pamoja, mfano wa kitabu chenye matini asilia upande mmoja na tafsiri upande wa pili.

Lakini hata hapo pana jambo la kutafakari. Picha za zamani zilizowekwa katika toleo la 2009 ni zile za rangi 256, si zile za rangi 16 zilizouzwa kwanza mwaka 1990. Isitoshe, toleo la kwanza lilikuwa na mzaha ambao uliondolewa katika toleo la diski la mwaka 1992: mhusika akichungulia kisiki msituni, mchezo ulimwamuru mchezaji aingize disketi ya 22, kisha ya 36, kisha ya 114, ilhali hakukuwa na disketi nyingi kiasi hicho. Mzaha huo ulimchekesha mtu aliyezoea kubadili disketi kila baada ya hatua chache. Chombo kilipobadilika, mzaha ulipoteza ardhi yake. Kwa hiyo “toleo la asili” si moja. Ni mlolongo wa matoleo, kila moja na chombo chake.

Hali ni ngumu zaidi pale malighafi ya kazi isipokuwepo. Picha za nyuma katika Grim Fandango, mchezo wa Tim Schafer wa mwaka 1998, zilitengenezwa kwanza kama maumbo ya kompyuta, kisha zikageuzwa kuwa picha bapa za ukubwa wa 640 kwa 480. Toleo jipya la mwaka 2015 liliboresha wahusika na mianga iliyowaangukia, lakini mandhari yenyewe yalibaki karibu kama yalivyokuwa. Kinyume chake ni Another World, kazi ya Mfaransa Éric Chahi ya mwaka 1991. Yeye aliwajenga wahusika wake kwa maumbo ya pembe nyingi yanayochorwa kwa hesabu; hivyo mwaka 2006 waliweza kuonyeshwa kwa ukubwa zaidi bila kuharibika. Njia aliyoichagua kwa sababu ya ufukara wa mashine ndiyo iliyoipa kazi yake maisha marefu.

Kisa chenye mafunzo mengi kuliko vyote ni kile cha Blade Runner, mchezo uliotolewa na Westwood Studios mwaka 1997. Studio hiyo ilifungwa mwaka 2003 na msimbo-chanzo wa mchezo ukapotea. Watu wa kujitolea walitumia miaka kadhaa kuzichambua amri za mchezo mmoja mmoja, hadi ukaanza kuchezeka kwa ScummVM mwaka 2019. Mwishoni mwa mwaka huo uliuzwa tena kwa njia hiyo. Kisha Juni 2022 likatoka toleo lililoitwa la kuboreshwa, ambalo liliongeza idadi ya picha kwa sekunde na kuzilainisha kwa mashine. Wachezaji wengi walilalamika kuwa ulainishaji huo umefuta moshi, mvua na vivuli vilivyokuwa uhai wa mandhari. Zaidi ya hayo, toleo la zamani lilikuwa limeondolewa kuuzwa peke yake. Malalamiko yalikuwa makali hata likarudishwa baada ya muda mfupi.

Katika kisa hiki, hatari haikuletwa na kuchora upya kwenyewe. Hatari ilikuja pale kipya kilipoketi juu ya kiti cha kale na kumfungia mlango mwenye kutaka kulinganisha.

6. Mhariri, hati na sheria

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilipohamishwa kuingia katika hati za Kirumi, mhariri alilazimika kuamua. Hati za Kiarabu kwa kawaida hazitofautishi e na i, wala o na u, na herufi kadhaa za Kiswahili hazimo ndani yake. Kila neno lililohamishwa ni uamuzi, na uamuzi huo waweza kugeuza maana au kuvunja kina. Mhariri mwema si yule asiyeamua, kwani huyo hayupo. Mhariri mwema ni yule anayeonyesha mahali alipoamua na kumwachia msomaji njia ya kurudi kwenye hati.

Kipimo hicho kikitumiwa kwa michezo ya visa, mambo matatu hutengana. La kwanza ni data, yaani mafaili yenyewe, ambayo yapasa kunakiliwa bila kuguswa. La pili ni kanuni za kuonyesha: uwiano wa 4 kwa 3, umbo la nukta, mwendo, na sauti ya kadi iliyokusudiwa. Kanuni hizo hazimo ndani ya faili. Zilikuwa ndani ya mashine na katika mazoea ya watu, na zisipoandikwa zitapotea hata kama kila faili imehifadhiwa. La tatu ni tajriba ya mchezaji, na hiyo hakuna awezaye kuihamisha nzima. Hakuna programu itakayomrudishia mtu wa leo mshangao wa kumwona Graham akipita nyuma ya mti.

Majumba ya makumbusho yameanza kulipokea jukumu hili. Mwaka 2012 Museum of Modern Art la New York liliingiza katika mkusanyiko wake michezo 14, mmojawapo ukiwa Myst, kazi ya mwaka 1993 ya ndugu wawili Rand na Robyn Miller. Jumba la The Strong la Rochester, New York, liliutambua Colossal Cave Adventure mwaka 2019 na King's Quest mwaka 2020 kuwa miongoni mwa michezo yenye heshima ya kudumu. Lakini heshima si upatikanaji. Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena kwa njia yoyote. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafikishia watafiti walio mbali nakala za michezo iliyokoma kuuzwa. Mtafiti wa kitabu kilichokwisha madukani aweza kukiazima. Mtafiti wa mchezo hana budi kusafiri hadi mahali ulipohifadhiwa, au kutafuta njia za panya. Kwa mtafiti aliye Lubumbashi au Kisangani, sharti hilo la safari ni sawa na katazo.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba picha ya kale haikuwa kitu kilichokamilika ndani ya disketi. Ilizaliwa upya kila mara, kwa ushirikiano wa mchoraji, kadi, mrija wa kioo na jicho la mtu. Skrini bapa ya leo imewaondoa wawili kati ya hao wanne, na ndiyo maana nukta zilizokuwa angani zinaonekana leo kama vigae. Kuzikuza bila kujali uwiano ni kusoma vibaya. Kuzilainisha hadi zisionekane ni kutafsiri bila kusema kuwa ni tafsiri.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni, basi, ni kwamba vyote viwili vyapasa kuhifadhiwa, nukta na namna yake ya kuonekana, na kwamba matoleo mapya yana haki ya kuwepo maadamu hayafukuzi yale ya zamani. Waliolielewa jambo hili mapema si wenye viwanda, bali ni wapenzi waliokaa usiku kucha wakiichambua michezo waliyoicheza utotoni. Kazi yao haitofautiani sana na ya mnakili wa tenzi, ambaye jina lake mara nyingi halijulikani, lakini ambaye bila wino wake msomaji wa leo asingekuwa na cha kuhariri. Mali ikipotea hutafutwa; hati ikipotea, hata kujua kwamba ilikuwepo hupotea nayo.